Dakika Nane

Effie Fifield hajui kuogelea.
Feri ikiyumba kidogo tu, hushika tumbo
na kuwaomba radhi abiria wote.
Lakini watoto wa Bonavista, na wa miji nisiyowahi kuisikia,
wamezama naye mara kumi na moja,
vitabu kumi na kimoja vyenye majalada ya buluu,
na mara zote wamerudi pwani
wamekonda, wamebabuka midomo, hai.

Mimi ndiye niliyemfundisha bahari.
Kila Alhamisi hupanda kilima na sufuria ya supu ya njegere,
hufuta miguu, hutoa daftari,
huuliza kama karani wa bima:
"Bwana Tremblett, kamba iliyoloa hufunguliwaje
na vidole vilivyokufa ganzi?"
Kwa meno, namwambia.
"Na kiu? Mtoto akinywa maji ya chumvi?"
Ataongea na mama yake asiyekuwepo.
"Barafu je, ina sauti?"
Inayo. Hukoroma kama mgeni chumba cha pili,
hujui ataamka saa ngapi.
Yote huandika. Hata sarufi yangu huirekebisha.

Sikuwahi kumkatalia swali,
hadi Alhamisi moja ya Machi, theluji ikipiga kioo,
aliponiuliza huku akipuliza kijiko:
"Kijana wa miaka kumi na minne
akitumbukia katikati ya mabamba ya barafu,
ana muda gani?"

Dakika nane.

"Kitabu cha tabibu kinasema..."

Nane.

Kalamu yake ikasimama.
Nje, mbwa wa jirani alibwekea kitu kisichokuwepo.
Sikueleza. Wenye maneno walisema
mfa maji haishi kutapatapa;
wenye maneno hawakuwa pale.
Yeye aliacha. Dakika ya sita aliacha,
akanitazama tu, kama mtu
aliyesahau alichokuja kuomba.
Mbili zilizobaki nilizihesabu peke yangu,
nimelala kifudifudi, upondo mkononi,
upondo uliopungua shibiri moja.

Effie alifunga daftari. Akaosha mabakuli yote mawili,
na langu lilikuwa bado limejaa.

Kitabu cha kumi na mbili kilikuja Oktoba kwa posta.
Nilikisoma kwa miwani ya marehemu mke wangu,
nikikitafutia makosa.
Ukurasa wa arobaini, upepo umegeuka bila sababu.
Hamsini na tatu, hakuna sili anayelia hivyo.
Kisha ukurasa wa tisini.
Mvulana yumo majini. Jina kampa jingine, si Obed,
lakini kofia ni ya sufu nyekundu, na mimi
sikumwambia mtu habari za kofia.
Labda mama alisimulia. Kijiji chetu ni kidogo.
Dakika ya kwanza, anaandika. Ya pili.
Dakika ya sita anaacha kutapatapa.
Nikaweka kitabu chini. Nikatia kuni. Nikakirudia.
Dakika ya nane, anaandika, upondo ulirefuka.

Haelezi. Mwanamke aliyenitoa jasho
kwa fundo moja la tanga, hapa hakuuliza mtu.
Upondo ulirefuka shibiri moja, basi,
na mvulana akaushika.

Niliketi na hasira hadi kuni zikaisha.
Uongo, nilipanga kumwambia. Mti mkavu haurefuki.
Alhamisi akaja na sufuria, akafuta miguu,
hakuuliza nimekionaje.
Nikamvutia kiti. Nikasema upepo wa ukurasa wa arobaini ni kosa.
"Nitarekebisha."
Na sili.
"Na sili."
Supu ilizidi chumvi. Niliimaliza,
kisha nikaomba mkate, uliopakwa molasi,
kama alivyoomba yule, ukurasa wa tisini na moja,
alipofika nyumbani,
kabla hata hajavua buti.